Mashine Tulizozishuku

Mwanangu Zuhura,

Nakuandikia huku nakusikia. Wewe na mama yako mko chumbani mnabishana kama sufuria kubwa iende Handeni au ibaki, na mimi nimekaa kibarazani na karatasi pajani kama mtu anayeandika barua ya posa. Ningeweza kukuita nikuambie haya kwa mdomo. Lakini unanijua. Nikianza kusema nitakuuliza chumba ulichopanga kinafungwa kwa kufuli la aina gani, nani mwingine ana ufunguo wake, na mwenye nyumba kwa nini alikubali haraka namna ile. Mazungumzo yataishia hapo, na wewe utaondoka kesho umenuna.

Mambo ya kula, kulala, kuswali na kupiga simu nyumbani mama yako amekwisha kukuambia, na kabla hujapanda gari atakuambia tena. Mimi nataka kukuandikia kuhusu mashine. Najua unavyoiona hadithi ya mashine ile. Unaiona kama hadithi ya baba aliyekuchelewesha. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini kuna mambo mawili yalitokea ukiwa hupo, na sikukusimulia, na sioni haki uondoke bila kuyajua.

Kwamba mimi ni mtu wa kushuku, hilo mji mzima unalijua. Ila sikuzaliwa hivyo. Nilipofungua karakana hapa Korogwe, kabla wewe hujazaliwa, nilimwamini kila aliyeniamkia vizuri. Mtu mmoja mcheshi akaniletea mbao, akasema ni mninga mtupu kutoka mapori ya kwetu Handeni. Rangi ilikuwa ya mninga. Harufu sikujishughulisha kuinusa. Nikatengeneza kitanda cha bwana harusi wa Makuyuni, na kitanda kile kikavunjika mguu harusi ingali mbichi, watu wakacheka kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya binti yangu. Ulikuwa mti mwepesi uliopakwa rangi. Tangu hapo naanza kwa kunusa kila ubao, na kadiri miaka ilivyokwenda nikaanza kuwanusa hata watu.

Ndiyo maana Hizza alipoleta fimbo yake ya kwanza ya kuchezea pool, nilimshuku. Hizza ana lile banda la pool mtaa wa nyuma yetu, na mimi pool nilikuwa naiona ni mlango wa kamari tu. Nikadhani anataka kuivuta karakana yangu kwenye mambo yake. Akasema fimbo imepasuka, anaomba niigandishe kwa gundi, basi. Nikaigandisha. Ilipokauka ilikuwa imepinda kama mundu.

Wewe ndiye uliyeichukua. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unanisaidia kupiga msasa, na hukuniomba ruhusa. Uliikwangua gundi yangu yote, ukapaka yako, ukaifunga fimbo kwa vipande vya mpira wa baiskeli juu ya ubao ulionyooka, ukaiacha hivyo bila kuigusa. Ilipotoka ilikuwa imenyooka. Hizza akaizungusha juu ya meza, akakutazama wewe, kisha akanitazama mimi, na nikaona amejua kazi ni ya nani.

Fimbo zikaanza kuja, za hapa mjini na za Makuyuni. Ukajifunza kubandika ile ngozi ya nchani inayogusa mpira, na kubadilisha ile pete nyeupe iliyo chini yake, inayozuia mti usipasuke. Kwa kuwa hatukuwa na mashine ya kukereza inayofaa, uliifunga drili yangu kwa waya kwenye meza, ukawa unazungushia fimbo humo. Mimi nilikuwa natazama ushungi wako ulivyo karibu na ile drili. Nikawa napita nyuma yako kila mara nikijifanya natafuta patasi.

Halafu ikaja ile siku ya kelele. Mchezaji mmoja kutoka Makuyuni alifungwa mchezo kwenye banda la Hizza, mbele ya watu wake. Akaichukua fimbo aliyochezea, akaiviringisha juu ya meza, na watu wote wakaona ncha inavyorukaruka. Akamgeukia Hizza akidai kwamba fimbo imepindwa makusudi. Hizza, ili ajiokoe, akasema aliyeitengeneza ni binti Athumani, waende wakamuulize. Wakaja. Unaukumbuka ule umati mlangoni. Yule mchezaji akakuuliza ulilipwa na nani.

Ulichukua fimbo, ukaiviringisha juu ya ubao wetu, ukaitazama mpaka iliposimama.

“Imepinda,” ulisema. “Nimeipinda mimi, kwa sababu drili yangu inayumba. Sikulipwa na mtu.”

Wakaondoka, wengine wameamini, wengine hawakuamini. Muda mrefu ukapita hakuna aliyeleta fimbo. Ukaniambia kwamba ukipata mashine inayozunguka sawasawa, hakuna atakayekusema tena. Hukutaka utajiri. Ulitaka jina lako. Nami nakuandikia sasa lile ambalo sikulisema hata kwa mama yako: siku ile, nilipokuwa nafunga milango ya karakana, nilijiuliza kama kweli hukulipwa. Swali lilipita kichwani haraka sana, lakini lilipita.

Basi tukaanza kutafuta mashine. Ya kwanza ilikuwa pale dukani mjini, mpya, ndogo, ya buluu, na muuzaji aliyekuwa anaongea haraka kuliko inavyozunguka. Alifunga kijiti kifupi, akawasha, kikazunguka vizuri mno. Mtu akikuonyesha kwa kijiti kifupi, mwombe afunge kirefu. Nilimwambia hivyo, ukatoa fimbo nzima kwenye mfuko wako. Ukajaribu kuipitisha kwenye tundu la kichwa cha mashine itokee nyuma, kwa sababu unayetaka kufanya kazi kwenye ncha lazima urefu wote uliobaki upate pa kwenda. Upande mwembamba uliingia. Upande mnene wa mkononi ulikwama. Muuzaji akatushauri tuikate fimbo katikati. Ulicheka njia nzima mpaka nyumbani, nami nikacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja katika jambo hili.

Ya pili ilikuwa ya Mzee Shemweta, kule Kwashemshi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukereza miguu ya vitanda nilipokuwa kijana, alipokuwa bado fundi wa karakana ya shamba la mkonge. Nilipokuambia anauza mashine yake, nilikuwa na furaha ya kweli. Tukafika, ukamwamkia, akakuwekea mkono kichwani, tukapewa chai na ndizi za kuchemsha. Kisha akatupeleka bandani. Wakwe zake na majirani walikuwa wamekusanyika, maana wageni wanaokuja kununua mashine si jambo la kila siku.

Mashine ilikuwa ya kijani kibichi, imepakwa rangi mpya. Wewe uliipapasa kama ng'ombe wa mahari. Mimi nilisikia harufu ya rangi, na ule mninga wa uongo ukanijia wote. Nikajiuliza mtu anapakaje rangi kitu anachokiuza, kama hana anachokifunika. Nikafungua kifuniko cha gia. Zilikuwa zimezamishwa ndani ya grisi nzito kama ugali, ile inayowekwa ili gia zilizolika zisipige kelele. Nikakishika kile kigari kinachobeba kisu, nikakikaza karibu na kichwa cha mashine, mahali kazi nyingi hufanyika, kisha nikakisukuma kwenda mwisho wa reli. Kikakwama katikati. Maana yake reli zimelika upande mmoja tu. Kwa miguu ya vitanda ingevumilika. Kwa fimbo yako, ungerudi kulekule kwenye umati mlangoni.

Hapo ningeweza kumvuta mzee pembeni. Nilikuwa na ulimi, na kulikuwa na uwanja mzima wa kumvutia. Lakini yeye akaniuliza kwa sauti ya kawaida, mkono wake ukiwa juu ya mashine, “Athumani, unapima mashine au unanipima mimi?” Nami nikamjibu mbele ya wakwe zake.

“Mashine imekwisha, mzee, na wewe unajua imekwisha.”

Hakubisha. Aliuondoa mkono juu ya mashine, akasema tumalizie chai. Chai ile haikumaliziwa na mtu.

Tuliposhuka stendi ya Korogwe ulisimama, ukaweka mfuko wa fimbo chini, ukaniambia, “Baba, si mashine unayoishuku. Unanishuku mimi. Hutaki niondoke karakanani kwako, na kila mashine utaitafutia ubaya.” Nilikujibu kwamba reli zimelika, umeziona mwenyewe. Nilijibu la reli. La pili sikulijibu.

Sasa nakuja kwenye lile la kwanza usilolijua.

Jambo la Mzee Shemweta lilinikaa. Namjua. Ni mtu wa kubisha hata kuhusu saa ya kuamka jogoo, na siku ile hakubisha. Nikaona labda ni aibu ya mtu aliyekamatwa, lakini haikuwa sura hiyo. Basi ile siku niliyokuambia nakwenda Vugiri kwa wajomba zako kutazama mbao, sikufika Vugiri. Nilikwenda Kwashemshi.

Nilimkuta peke yake nje, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimsogelea mpaka ningeweza kumshika mkono, nikasema shikamoo. Akainua uso upande ambao sikuwepo, akauliza ni nani. Nikasimama pale. Nikatazama ungo, nikaona kokoto amezirudisha pamoja na maharage mazuri, na maganda yamebaki. Mwanangu, mzee wa watu haoni. Amekuwa haoni vizuri kwa muda mrefu, na ameficha, akikereza kwa mazoea ya mikono, vitu vidogo vya majirani, miiko na vinu. Aliyeipaka rangi ile mashine na kuijaza grisi ni mkwe wake. Yeye aliambiwa tu kwamba imesafishwa ipendeze.

Nikamwomba twende bandani. Nikachukua mkono wake, nikauweka kwenye reli karibu na kichwa cha mashine, kisha nikausogeza polepole. Vidole vyake vilifika pale palipolika panapokutana na pazima, kuna kijingazi chembamba, jicho lisingekiona chini ya rangi. Akakipitia mara nyingi, mbele na nyuma.

“Kumbe ni kweli,” alisema. “Mimi nilidhani umenichoka.”

Nilimwomba radhi. Akanisamehe upesi, upesi kuliko nilivyostahili, kisha akamwita mkwe wake na kumwambia mashine haiuzwi tena kwa mtu yeyote. Yule kijana alinitazama kwa jicho ambalo nalo nililishuku njia nzima ya kurudi. Lakini nilichokuwa nakifikiri zaidi ni hiki: kuhusu chuma nilikuwa sahihi, na kuhusu mtu nilikosea, na yote mawili niliyasema kwa sentensi moja, mbele ya watu. Ukishika fimbo mbovu mkononi utashawishika kudhani na aliyeileta ni mbovu. Mara nyingine ndivyo. Lakini ni maswali mawili, na kila moja lina namna yake ya kuulizwa. La chuma liulize mbele ya watu ukitaka. La mtu mwulize akiwa peke yake.

Sikukusimulia kwa sababu ningelazimika kukubali kwamba ulichoniambia pale stendi kilikuwa na ukweli ndani yake. Nilikuwa bado sijawa tayari.

Kisha akaja Lazaro. Alikuja mwenyewe mpaka karakanani, kijana mrefu, mpole, anayesubiri umalize kusema ndipo aseme. Akajieleza kwamba ni wa familia ya wafugaji wa kule tambarare za Handeni, kwamba aliuza sehemu ya ng'ombe zake akanunua meza za pool, akaziweka Handeni mjini na kwenye minada. Fimbo zake zinavunjika kila wiki na hapati fundi. Ana mashine ya kukereza aliyoinunua kwenye karakana iliyofungwa, akitegemea kupata mtu wa kuiendesha, hakupata. Anataka wewe uhamie Handeni, uichukue, uilipe polepole kwa kumtengenezea fimbo, na ikishalipika iwe yako.

Wewe uso wako uliwaka. Mimi nilipanga kichwani mambo matatu. Kwamba mashine ni ya wizi. Kwamba atakufanya mtumwa wa meza zake, kila ukikaribia kumaliza deni anakutafutia jingine. Na kwamba anakutaka wewe. Nimelitaja hilo la tatu mwisho, ila kichwani lilikuwa la kwanza.

Na hili ndilo la pili usilolijua. Kabla hatujaenda Handeni pamoja, nilikwenda peke yangu. Nilikuambia nakwenda kumjulia hali shangazi yako. Shangazi nilimsalimia, hilo si uongo, lakini sikukaa. Nilizunguka mji nikimuulizia Lazaro. Nilimuuliza mchomeleaji vyuma aliye jirani na ile karakana iliyofungwa, akaniambia mashine iliuzwa mchana kweupe na mwenyewe, aliyehamia Dar kwa watoto wake. Nilimuuliza mama anayeuza maziwa, nikamuuliza hata mzee mmoja tuliyetoka naye msikitini. Wote walisema mambo ya kawaida. Ni mtu wa kazi, ni mkimya, hana makuu. Unanijua: kadiri walivyomsifu ndivyo nilivyozidi kumshuku. Nikajiambia amewapanga.

Mwisho nikaenda kukaa kwenye banda lake la pool, nikaagiza soda, nikawa natazama vijana wanavyocheza. Sijui nilitegemea kuona nini. Nilikuwa bado na soda nusu, Lazaro akaingia, akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.”

Aliniambia amesikia tangu asubuhi kwamba kuna mzee kutoka Korogwe anamuulizia mji mzima. Nilitegemea ukali. Hakukasirika. Alisema hata yeye angekuwa na binti angefanya hivyo, ila angeanza kwa mhusika. Basi nikaona nimeshikwa, nikamuuliza yote matatu pale pale. Mashine akanitajia aliyemuuzia, jina lilelile la mchomeleaji. Malipo akasema tukubaliane mbele ya mashahidi wa pande zote. La tatu alicheka kidogo, akasema ana mke, na kwamba mkewe ndiye anayesimamia meza ya mnadani. Baadaye alinipeleka nikamwona. Hata hivyo niliwatazama wote wawili kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Kisha akasema neno lililonifanya niiache soda mezani.

“Mimi pia nilimshuku binti yako, mzee. Habari ya fimbo iliyopinda ilifika mpaka huku.”

Akanieleza kwamba mtu mwenye meza za pool hawezi kucheza na fundi wa fimbo. Fimbo moja ya mashaka inaleta ugomvi, na mnadani ugomvi si wa ngumi tu. Kwa hiyo, muda mrefu kabla ya kuja karakanani kwetu, alikutumia fimbo kwa mkono wa mtu mwingine. Fimbo ile ilikuwa na ufa ndani, upande wa mkononi, na juu yake imezungushiwa uzi mzuri ambao hauonyeshi kitu. Akamwagiza yule mtu akuombe ubandike ngozi mpya nchani tu. Kazi ndogo, ya kumaliza kabla chai haijapoa. Wakati ule fimbo zilikuwa hazikufikii. Ulihitaji kila kazi.

Uliigonga chini, alisema, ukaisikiliza. Ukaigonga tena. Ukaifungua uzi. Kisha ukamrudishia yule mtu na kumwambia hii itamvunjikia mtu mkononi, na kwamba hutaiwekea ngozi mpya mtu akadhani ni nzima. Ukakataa hata pesa ya kukulipia muda wako.

Naikumbuka siku hiyo. Nilikuwa karibu, napiga randa mlango. Niliona mtu amekuja na fimbo akaondoka nayo, na nikakulaumu moyoni kwamba umefukuza mteja. Sikukuuliza kwa nini.

Zuhura, nimefikiri sana juu ya ile soda. Mtu asiyekujua alikushuku, akakupima, ukajibu, akalipokea lile jibu lako na kuliwekea mashine juu yake. Mimi niliyekulea nilikushuku nikanyamaza. Sikukupima, sikukuuliza, nikabaki na swali langu kama mtu aliyemeza mfupa. Nikirudi nyuma naona ndivyo nilivyofanya kwa wengi. Najivunia kwamba sidanganyiki. Lakini kushuku bila kupima ni uvivu, na kupima bila kukubali jibu ni uonevu. Mimi nimekuwa mvivu kwako na mwonevu kwa Mzee Shemweta.

Siku tuliyokwenda pamoja kuiona mashine, ulishangaa kwa nini nilisimama mikono nyuma. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa najizuia. Nilikuona ukifungua kifuniko cha gia na kuchovya kidole, mafuta yalikuwa mepesi na safi. Ukakikaza kigari karibu na kichwa, ukakisukuma, kikaenda mpaka mwisho bila kukwama. Ukapitisha fimbo nzima, upande mnene na wote, ikapita. Ukafunga chuma kilichonyooka, ukawasha, ukasogeza penseli taratibu mpaka iguse, ukazima. Alama ilikuwa imezunguka pande zote. Ingekuwa inayumba, penseli ingegusa upande mmoja tu. Ushungi ulikuwa umeuchomeka ndani ya koti kabla hujagusa swichi, wala hukuniangalia kuona kama nimeona.

Na ulipoiwasha na fimbo ndani, mkia wake kule nyuma ukaanza kupiga huku na huku kama mjeledi, ukazima mara moja. Lazaro alikuwa ametuambia mapema kwamba pete ya kushikilia nyuma ilipotea. Ukasema utaichonga ya mbao mwenyewe. Nikadhani umemaliza. Ndipo ulipoinama kuusoma ule ubati mdogo kwenye mota, ukamwambia Lazaro kwamba hii inataka umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani, na chumba ulichopanga kina umeme wa kawaida. Akasema uichukue tu, mota itabadilishwa baadaye. Alisema kwa upole uleule wa siku zote.

“Basi mashine ibaki kwako mpaka ibadilishwe,” ulisema.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Sikuyatoa. Alikunja uso, akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akakubali. Mota ikabadilishwa, na wewe ukaenda ukaijaribu upya kabla ya kusema ndiyo. Mimi safari hiyo sikwenda. Uliona kama nimepuuza.

Lazaro leo ni mtu mwema, kwa kadiri nilivyoweza kuona. Kesho sijui. Meza zikipungua wateja, au ndugu zake wakimsemea sikioni, anaweza kubadilika, na wewe pia unaweza kubadilika. Ukiona kitu, mwulize mapema, jambo lingali dogo, na mwulize yeye, usimuulize muuza maziwa. Na watakuja tena watu mlangoni kwako, hata ukiwa na mashine iliyonyooka kuliko zote. Anayefungwa mchezo huitafutia fimbo sababu. Watakuuliza umelipwa na nani. Usione wamekuvunjia heshima. Iviringishe fimbo mbele yao, kama ulivyofanya hapa, na ikiwa imepinda sema imepinda.

Nami ukinishuku, niulize. Nimekudanganya mara mbili kuhusu safari, umeziona humu. Una haki.

Bakari, mwenye pikapu itakayobeba meza yako ya kazi kesho, alikuja adhuhuri kuuliza nani anakaa mbele. Nilimwambia nakaa mimi. Nilikuwa nimepanga kwenda kuipima sakafu ya kile chumba, kwa sababu mashine ikikaa pasipo sawa reli hujikunja zenyewe polepole na hakuna atakayejua zilianza lini. Pima maji nilikuwa nimeshaitia mfukoni mwa koti. Nilitaka pia kuwatazama majirani zako usoni, mmoja mmoja.

Kabla ya kukaa kuandika nilimpigia simu Bakari, nikamwambia nafasi ni ya mama yako. Pima maji nimeiweka kwenye sanduku lako la vifaa, chini ya misasa. Sakafu utaipima wewe. Ukinipigia kuniambia iko sawa, sitakuuliza umepimaje.

Baba yako,
Athumani